Kila kani ina mwenyewe: mwongozo kamili wa kani na mwendo kwa wanaoanza sekondari

Jioni moja kwenye tuisheni niliwachorea wanafunzi mpira wa miguu ukiwa hewani, umeshapigwa na bado haujatua. Nikawaambia wachore mishale ya kani zote, yaani misukumo na mivuto, zinazoukabili mpira ule pale ulipo. Karibu wote walichora mshale mnene unaoelekea golini. Nikamgeukia aliyekaa mbele.

"Huu mshale ni wa nini?"

"Kani ya teke, Mwalimu."

"Na mguu uko wapi sasa hivi?"

Akautazama mchoro wake. "Umebaki nyuma."

"Basi nani anausukuma mpira?"

Kimya. Mmoja nyuma akajaribu: "Si ile nguvu iliyobaki ndani yake?"

Hakuna nguvu iliyobaki ndani yake. Mpira ulio hewani una kani mbili tu: Dunia inauvuta chini, na hewa inausugua ikiupunguzia mwendo. Unaenda mbele kwa sababu ulikuwa tayari unaenda mbele na hakuna aliyeusimamisha. Anayekosea hapa asijione mjinga. Aristotle, aliyeishi Ugiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alishikilia kwamba kitu hakiendi bila kitu kingine kukisukuma, na alipofika kwenye jiwe lililorushwa alilazimika kusema kwamba hewa ndiyo inayolisukuma. Zilipita karibu karne ishirini mpaka Isaac Newton akaziweka kanuni tatu za mwendo kwenye kitabu chake cha mwaka 1687, na wazo la zamani bado linaishi vichwani mwetu kwa sababu ndivyo maisha yanavyoonekana: ukiacha kusukuma mkokoteni, unasimama.

Mwongozo huu unakupa swali moja la kuuliza kila unapotaka kuchora mshale: mwenyewe wa kani hii ni nani? Dunia? Sakafu? Kamba? Mkono? Ukishindwa kumtaja, futa mshale. Nimeona swali hili peke yake likiokoa alama nyingi kuliko kukariri fasili zote za kidato cha kwanza.

Andaa daftari, penseli, rula, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na chupa ya plastiki ya maji. Hiyo chupa tutaifikia mwisho.

Hatua ya 1: Elewa mwendo kabla ya kugusa kani

Wengi wanarukia kani wakati mwendo wenyewe hawajauelewa. Anza hapa.

Mwendokasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Geuza muda wote uwe sekunde: 3 × 60 + 32.2 = 212.2. Gawanya: 1500 ÷ 212.2 = 7.07. Yaani kwa wastani, kila sekunde iliyopita alikuwa amekata mita saba na kidogo. Pima mita saba uwanjani kwenu kwa hatua, kisha ujaribu kuzimaliza ndani ya sekunde moja. Namba itaacha kuwa namba.

Nimesema "kwa wastani" makusudi. Hakuna anayekimbia kwa mwendo uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wastani unakuambia safari nzima ilikuwaje, haukuambii alikuwa na kasi gani kwenye kona ya mwisho.

Magari hupimwa kwa kilomita kwa saa, na mitihani hutaka mita kwa sekunde. Kutoka km/h kwenda m/s gawanya kwa 3.6, kurudi, zidisha kwa 3.6. Kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde. Kilomita 72 ni mita 20. Treni ya SGR ikifikia kilomita 160 kwa saa inakata zaidi ya mita 44 kila sekunde, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Usipogeuza mapema, hesabu yote ya chini yake itaharibika, hata kama kanuni umeiandika vizuri.

Kuna tofauti kati ya mwendokasi na velositi: velositi ina mwelekeo ndani yake. Mkimbiaji wa mita 400 anayemalizia pale alipoanzia ametembea umbali wa mita 400, lakini ukipima mstari ulionyooka kutoka alipoanza hadi alipo sasa, unapata sifuri. Kwa hiyo velositi yake ya wastani ni sifuri, ingawa jasho linamtoka. Inatosha kwa sasa.

Kinachosumbua zaidi ni mchapuko, yaani velositi inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde. Daladala likitoka kituoni likafika mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 8, mchapuko wake ni 10 ÷ 8 = 1.25 m/s². Usiikariri hiyo alama ya mraba, isome hivi: "mita 1.25 kwa sekunde, kwa kila sekunde." Andika pembeni jedwali:

Sekunde 0: mwendo 0
Sekunde 1: 1.25 m/s
Sekunde 2: 2.5 m/s
Sekunde 3: 3.75 m/s

Kila mstari unaongeza kiasi kilekile. Ukiona jedwali kama hili kwenye swali, umeshapata mchapuko kabla ya kutafuta kanuni yoyote. Na kitu kinaweza kwenda kasi sana huku mchapuko wake ukiwa sifuri, kama basi lililotulia kwenye kilomita 80 barabara kuu. Kasi na mchapuko ni vitu viwili. Ukivichanganya hapa, kani zitakuchanganya maradufu.

Kanuni za kuhesabu mwendo (si zile tatu za Newton) nazo ni tatu, na zinafaa tu pale mchapuko usipobadilika:

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Hapa u ni velositi ya mwanzo, v ya mwisho, a mchapuko, t muda, s umbali. Kuchagua kanuni ni kazi ndogo: orodhesha herufi ulizopewa na unayotafutiwa, kisha uangalie ni herufi gani ambayo swali halikuitaja kabisa. Muda haukutajwa? Chukua ya tatu, haina t. Velositi ya mwisho haikutajwa? Chukua ya pili.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja

Swali likisema "mtu anavuta ndoo kisimani", kuna mtu, kamba, ndoo, maji na ardhi. Huwezi kuvishughulikia vyote kwa mkupuo. Chagua kimoja, kizungushie mstari wa nukta kwenye mchoro, na kuanzia hapo jali tu vinavyokigusa na Dunia inayokivuta. Kani ambayo ndoo inaipa kamba haikuhusu kama uliyemchagua ni ndoo. Makosa mengi ya kuchora yanatokana na kuzungushia vitu viwili bila kujua.

Hatua ya 3: Taja kila kani na mwenyewe wake

Mtaani neno "nguvu" linabeba kila kitu: misuli, umeme, pesa, hata cheo. Darasani tunasema kani, na kani ni msukumo au mvuto kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo iandike kila mara kwa sentensi yenye watu wawili: *fulani anamsukuma fulani*, au *fulani anamvuta fulani*. Usiandike "kani ya uzito" peke yake. Andika "Dunia inaivuta ndoo". Sentensi hii itatufaa sana tukifika kwenye kanuni ya tatu ya Newton.

Anza na kani isiyohitaji kugusana: uzito. Dunia inavuta kila kilo kwa takriban nyutoni 9.8 (nyutoni ni kipimo cha kani). Mfuko wa saruji wa kilo 50 unavutwa kwa 50 × 9.8 = nyutoni 490. Ndoo ya lita 20 ya maji, bila ndoo yenyewe, ni kilo 20, sawa na nyutoni 196. Embe la gramu 100 mkononi ni kama nyutoni moja. Lishike, ukumbuke nyutoni moja inavyohisi.

Sokoni tunasema "uzito wake kilo 50" na hakuna ubaya, muuza mchele hatakurekebisha. Kwenye mtihani, kilo ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo, na uzito hupimwa kwa nyutoni. Mfuko uleule ukipelekwa mwezini bado una tungamo la kilo 50, ila Mwezi utauvuta kwa takriban nyutoni 80 tu. Utaunyanyua kwa mkono mmoja. Lakini jaribu kuusukuma kwa ghafla kando, utakugomea vilevile kama hapa, kwa sababu ugumu wa kubadilisha mwendo unatokana na tungamo, na tungamo halijabadilika. Huo ugumu ndio unaoitwa inesha.

Kisha tembea kuzunguka kitu chako ukiuliza: nini kinakigusa? Kila kinachogusa kinaweza kutoa kani. Sakafu inasukuma juu. Kamba inavuta, na kamba haisukumi kamwe. Sehemu mbili zinapotaka kuteleza, kuna msuguano unaopinga mtelezo huo. Hewa inapinga, ingawa kwa mwendo mdogo tunaipuuza.

Sasa simama kidogo kwenye msuguano, maana hapa ndipo watu wanapotea. Unasukuma kabati la nguo kwa nyutoni 100, halisogei. Mwanafunzi anaandika: "Msuguano umezidi nguvu yangu." Hebu fikiri. Kama msuguano ungekuwa mkubwa kuliko msukumo wako, kabati lingekurudia wewe. Haliji. Maana yake msuguano ni nyutoni 100 kamili, si pungufu, si zaidi. Ongeza usukume kwa 150, bado halisogei. Msuguano nao umepanda hadi 150. Sakafu inajibu kiasi unachosukuma, mpaka ifike kikomo chake. Ukipita kikomo kabati linachomoka, na mara nyingi likishatembea msuguano unapungua kidogo, ndiyo maana kuanza kusukuma ni kugumu kuliko kuendelea. Waulize wabeba mizigo wa sokoni.

Na lile la kwenye daladala? Dereva akifunga breki, abiria waliosimama wanasema "tumerushwa mbele". Tafuta mwenyewe wa hiyo kani. Nyuma yako hakuna aliyekusukuma, kiti hakikukusukuma, hewa haikukusukuma. Gari limepunguza mwendo, wewe umeendelea na mwendo uliokuwa nao, mpaka bomba la kushikilia lilipokuvuta nyuma. Kani pekee ya kweli hapo ilielekea nyuma. Konda analijua hili kwa miguu yake: anaanza kuegemea nyuma kabla dereva hajakanyaga.

Hatua ya 4: Chora mishale, kisha jumlisha kwa mwelekeo

Chora kitu kama kiboksi. Kila mshale uanzie kwenye kiboksi na uelekee inakoelekea kani. Kani kubwa ipate mshale mrefu. Andika jina la mwenyewe pembeni. Kabla hujahesabu, hesabu mishale na ulinganishe na orodha ya vinavyogusa, ukiongeza Dunia.

Amua upande mmoja uwe chanya, kwa mfano kulia, na juu. Za upande huo zijumlishwe, za upande wa pili zitolewe. Kinachobaki ni kani tokeo. Shughulikia mlalo peke yake na wima peke yake. Kani ya wima haiongezi wala kupunguza mwendo wa mlalo moja kwa moja. Mteremko unahitaji pembe na trigonometria, na sioni haja ya kuuingia kabla hujawa mwepesi kwenye ardhi tambarare.

Hatua ya 5: Kani tokeo ikupe mchapuko

Kanuni ya pili ya Newton: F = ma. Kani tokeo ni tungamo zidisha mchapuko. Neno la kulinda hapo ni *tokeo*. Si kani uliyosukuma wewe, ni kani iliyobaki baada ya wote kusema.

Tuchukue mkokoteni. Wenyewe ni kilo 100, umebeba mifuko sita ya saruji, kilo 300. Jumla kilo 400. Msukumaji anautia nyutoni 200, na ukinzani wa barabara na ekseli ni nyutoni 160.

Wima: Dunia inauvuta chini, barabara inausukuma juu kiasi hichohicho. Zimefutana.
Mlalo: 200 − 160 = nyutoni 40.
Mchapuko: 40 ÷ 400 = 0.1 m/s².

Unaanza ukiwa umesimama. Baada ya sekunde 10: v = 0 + 0.1 × 10 = 1 m/s, na umbali ni ½ × 0.1 × 100 = mita 5. Mwendo wa mtu anayetembea polepole. Inaingia akilini.

Hapo msukumaji anapumua na kupunguza msukumo hadi nyutoni 160. Mkokoteni utafanya nini? Wengi wanajibu utasimama, kwa kuwa "nguvu zimelingana". Kani tokeo ni sifuri, kwa hiyo mchapuko ni sifuri, kwa hiyo velositi *haibadiliki*: utaendelea na ileile mita 1 kwa sekunde. Kanuni ya kwanza ya Newton inasema hivyo tu. Zikilingana, aliyesimama anabaki amesimama na anayetembea anabaki anatembea.

Akiachia kabisa, kani iliyobaki ni ukinzani wa nyutoni 160 kwa kurudi nyuma. Mchapuko ni −160 ÷ 400 = −0.4 m/s². Utasimama baada ya 1 ÷ 0.4 = sekunde 2.5, ukiwa umesogea mita 1.25 zaidi. Mkokoteni ulisimama kwa sababu barabara iliusimamisha, haukusimama kwa sababu ulikosa wa kuusukuma. Jibu hili ndilo lililomtoroka Aristotle.

Ndoo kisimani

Ndoo na maji yake ni kilo 10. Uzito wake nyutoni 98. Kitu ulichochagua ni ndoo. Wanaoishughulikia ni wawili tu, kamba (juu) na Dunia (chini).

Ukiivuta taratibu kwa mwendo usiobadilika, kamba inabeba nyutoni 98. Ukiivuta kwa mchapuko wa 0.5 m/s²: kamba − 98 = 10 × 0.5, kamba inabeba 103. Sasa mtoto mwenye haraka anaichomoa kwa mchapuko wa 4 m/s²: kamba − 98 = 40, kamba inabeba 138. Kama kamba imechakaa na kikomo chake ni nyutoni 120, ndoo imeshakwenda. Bibi aliyekuambia "vuta polepole" alikuwa anafundisha kanuni ya pili ya Newton, ingawa yeye aliijua kwa gharama ya ndoo.

Swali la mtego: ndoo inashuka kwa mwendo usiobadilika, kamba inabeba ngapi? Bado 98. Mchapuko sifuri, hakuna la kuongeza.

Bodaboda na breki

Hapa hesabu inagusa uhai, kwa hiyo nitakaa kidogo. Pikipiki kilo 115, dereva kilo 65, abiria kilo 60, jumla 240. Mwendo kilomita 54 kwa saa, yaani 15 m/s. Ng'ombe anaingia barabarani.

Dereva anaona, anaamua, kidole kinafika kwenye breki. Tumpe sekunde moja. Kwa sekunde hiyo pikipiki haijapunguza chochote: imekwenda mita 15. Kisha breki. Tuchukulie tairi nzuri, lami kavu, mwendo unapungua kwa 6 m/s². Muda haukutajwa, basi tumia v² = u² + 2as:

0 = 225 − 12s, s = mita 18.75.

Jumla karibu mita 34.

Ongeza mwendo hadi kilomita 72 kwa saa, 20 m/s. Sekunde ya kuamua: mita 20. Kusimama: 400 ÷ 12 = mita 33.3. Jumla mita 53. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, umbali wa kusimama umeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu ndani ya kanuni velositi imejizidisha yenyewe. Mvua ikinyesha na lami ikaruhusu 3 m/s² tu, hata kwa zile kilomita 54 utahitaji 15 + 37.5 = mita 52.5.

Kani inayoisimamisha ni 240 × 6 = nyutoni 1440. Mwenyewe nani? Ukijibu "breki", rudi kwenye swali: breki ni sehemu ya pikipiki, na iko ndani ya mstari wa nukta. Breki inazuia gurudumu lisizunguke. Anayeizuia pikipiki ni lami. Ndiyo maana breki mpya kabisa haikusaidii kitu juu ya mchanga uliomwagika barabarani.

Utaulizwa kuhusu mishikaki pia, abiria wawili au watatu nyuma. Msuguano wa juu kabisa wa tairi huongezeka na uzito, na tungamo la kusimamisha nalo huongezeka, kwa hiyo kwenye karatasi vinafutana na umbali haubadiliki. Lakini hiyo ni kama breki zina uwezo wa kufikia kikomo cha tairi. Breki zilizoisha, zimebanwa kwa waya, hazifikii, na hapo kila kilo ya ziada inarefusha umbali.

Kanuni ya tatu ya Newton: badilisha majina

Imekaririwa sana, imeeleweka kidogo. Kumbuka sentensi zako zenye watu wawili. Kupata kani jozi, badilisha majina tu: *Dunia inakivuta kitabu* inakuwa *kitabu kinaivuta Dunia*. *Meza inakisukuma kitabu juu* inakuwa *kitabu kinaisukuma meza chini*. Kani mbili za jozi ni sawa kwa ukubwa, zinaelekea pande kinyume, na ziko kwenye vitu viwili tofauti. Kwa hiyo haziwezi kufutana. Uzito wa kitabu na msukumo wa meza vinafutana, lakini vyote viko juu ya kitabu kilekile, hivyo si jozi. Watahini wanalipenda swali hili.

Mchezo wa kuvuta kamba unaweka jambo wazi. Kidato cha kwanza wanavuta upande huu, cha pili upande ule. Kamba nyepesi inawavuta wote kwa kani ileile. Basi anayeshinda anashindaje? Chora upande mmoja peke yake: kamba inawavuta mbele, ardhi inawasukuma nyuma kupitia miguu. Anayeshinda ni yule ambaye ardhi inampa zaidi. Jaribuni kwenye sakafu laini ya saruji, upande mmoja mvae soksi. Mabaunsa watatu wenye soksi wataburutwa na watoto walio pekupeku.

Pwani mtu akisukuma mtumbwi kwa pondo, anausukuma mchanga nyuma, na mchanga unamsukuma yeye na mtumbwi wake mbele. Na mwenye kilo 60 akiruka kutoka mtumbwi wa kilo 120 uliotulia, akaondoka kwa 2 m/s, mtumbwi utarudi nyuma kwa 1 m/s: kani sawa, muda sawa, ila tungamo la mtumbwi ni mara mbili, hivyo mwendo wake ni nusu. Wengi wamelowa suruali kwa kutoijua hesabu hii.

Chupa yenye tundu

Umebaki na chupa. Toboa tundu dogo karibu na kitako chake kwa msumari, lizibe kwa kidole, jaza maji, usifunge kifuniko. Toka nje. Inua chupa juu ya kichwa, ondoa kidole: maji yanachirizika kwa upinde. Sasa muulize aliye karibu: nikiiachia chupa idondoke, maji yatatoka zaidi, yatatoka vilevile, au yataacha?

Mpe muda ajibu na atetee jibu lake. Kisha achia, na mwenzako arekodi kwa simu, mwendo wa polepole kama simu inao.

Maji yanaacha kutoka. Chupa inaanguka, tundu liko wazi, na hakuna tone linalochirizika mpaka ipige chini. Chora mishale uone. Chupa ilipokuwa mkononi, mkono uliishikilia, na maji ya juu yaliyakandamiza ya chini mpaka yakatokea tunduni. Ulipoiachia, Dunia inaivuta chupa na inayavuta maji, vyote kwa 9.8 m/s², kwa kuwa chenye tungamo kubwa kinavutwa zaidi na kinagoma zaidi kwa kiasi hichohicho. Hakuna anayemkandamiza mwenzake. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa mwezini, pasipo hewa, na vikatua pamoja.

Mwanafunzi wangu yule wa "nguvu iliyobaki" aliirudia chupa mara saba, viatu vimelowa, kabla hajakubali. Kisha akauliza: vipi ukiirusha juu badala ya kuiachia, maji yatatoka wakati chupa inapanda? Chora mishale ya chupa ikiwa inapanda, mkono umeshabaki nyuma, utaje wenye kani. Kisha nenda nje ukairushe.